Kumfundisha Diwani Kungoja

Funyula

Wenzangu wa kwaya, naandika haya kwa sababu koo langu limechoka. Tangu nirudi, kila anayenikuta sokoni ananiuliza, na kila mmoja ameshasikia yake. Huyu anasema farasi alilewa. Yule anasema nilikamatwa mpakani. Mwingine, na ninamjua kwa sauti, anasema nilikimbiza lori bila viatu katikati ya harusi ya watu. Basi kaeni chini. Mawili kati ya hayo ni kweli, na hilo lingine lilikaribia.

Kwa asiyemjua Diwani: ni farasi wa rangi ya chai ya maziwa, mwenye tumbo, anayepita sokoni akitarajia watu wampishe. Ndiyo maana marehemu mume wangu Ouma akampa jina hilo. Ouma alikuwa mtunza farasi kwenye shamba moja kule Kitale, na tajiri wake alipouza shamba akamwachia Diwani kama asante. Wenzetu hupewa saa ya ukutani, sisi tukapewa farasi.

Nyumbani Diwani ni malaika. Mfunge kwenye mpera wetu, atasinzia hapo mpaka umsahau. Mfunge pengine popote, hapo ndipo utajua hujui. Ile siku Ouma alipougua ghafla sokoni Bumala, alimfunga nje ya zahanati, akampapasa pua, akaingia ndani. Hakutoka akitembea. Diwani alisimama pale kutwa nzima akiangalia mlango ule. Tangu hapo, ukimfunga mbali na kwake na ukampa mgongo tu, anarudi nyuma kwa nguvu zake zote mpaka kamba ikatike. Isipokatika, kitang'oka kile alichofungiwa.

Ndivyo kilivyong'oka kibanda cha kinyozi cha shemeji yangu Makokha, kaka mkubwa wa Ouma. Kibanda kilienda kikiburutwa barabarani, na mteja akabaki nyuma kwenye kiti, peke yake juani, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Nilicheka, Mungu anisamehe. Makokha hakucheka. Akaita ukoo, maana kwetu mali ya marehemu ndugu zake lazima waisemee, akatangaza kwamba kuna mtu Kitale yuko tayari kumchukua farasi hata kesho.

Aliyeniokoa ni binti yake mwenyewe, Nafula, aliyekuwa anaolewa Malaba na kijana wa Kiteso. Ouma ndiye aliyemfundisha Nafula kupanda farasi, na alimwahidi kwamba siku ya harusi atafika kanisani juu ya Diwani. Msichana akalia, akagoma kula. Ndipo ukoo ukakata shauri. Diwani aende Malaba kwa miguu, nami nimfundishe njiani. Siku ya harusi afungwe nje ya kanisa misa nzima. Akitulia mpaka mwisho, ni wangu. Kamba ikikatika, anapelekwa Kitale kutoka huko huko, harudi nyumbani. Na shahidi nani? Makokha, juu ya pikipiki yake, amebeba ndoo na gunia la pumba, na uso wa mtu aliyeuma ndimu.

Bumala

Somo lenyewe ni rahisi kulisema: unafunga, unaondoka, unarudi. Mara ya kwanza unaenda hatua chache, unarudi kabla hajapata wasiwasi. Kisha mbali kidogo. Kisha unapotea nyuma ya nyumba. Humfungi mguu wala shingo, ingawa njia nzima nilishauriwa hivyo, kwa sababu huku kwetu mnyama wa kufungwa ni mbuzi. Farasi anavaa hatamu kichwani, kamba inatoka chini ya kidevu, inafungwa juu, usawa wa kifua chake, fupi asije akaipitishia mguu. Fundo ni lile ambalo ukivuta ncha moja linafunguka lote, hata mnyama akiwa anavuta upande wa pili. Ouma alinifundisha fundo hilo kabla hajanioa. Nilidhani ni mapenzi, kumbe alikuwa anatafuta msaidizi.

Na unafunga kwenye kitu ambacho hakiendi popote. Hilo nililirudia njia nzima, na Makokha alikuwa akiitikia kwa kichwa, eti amesikia.

Bumala nilikuwa nimeapa tutapita haraka. Tulipofika mbele ya ile zahanati Diwani akasimama mwenyewe, masikio mbele, macho mlangoni. Nikavuta, wapi. Makokha akazima pikipiki, akainama akajifanya anakagua mnyororo ambao haukuwa na shida yoyote. Tukabaki hapo sote, tunamngoja mtu ambaye tulimzika wenyewe. Sikuona haya, nilifuta machozi na kitambaa cha kichwa, kisha nikamwambia Diwani, "Hayupo, baba. Twende." Akafikiri kidogo, akaja.

Mbele kidogo penye kinu cha kusaga mahindi nilimfunga kwenye nguzo ya chuma. Nikaenda hatua chache, nikarudi. Nikaenda tena, nikarudi. Mwanamke aliyekuwa kwenye foleni na debe lake kichwani aliniangalia kwa huruma.

"Dada, umepoteza nini hapo?"

"Sijapoteza kitu. Nafundisha farasi kwamba nitarudi."

Akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti ya chini, lakini haikuwa ya chini vya kutosha, "Ni huyo aliyefiwa. Bado haijamtoka." Makokha alicheka mpaka akashika tangi la pikipiki.

Busia

Busia ilitupokea kwa kelele. Honi, matrela, waendesha baiskeli waliopakia watu na kuku, akina mama wa ng'ambo ya mpaka na mikungu ya ndizi, na kila mtu ana swali. "Boss, hii inauma?" Nilikuwa boss siku hiyo. "Mama, hiyo punda mnaipatia nini ikawa hivyo?" Mfanyabiashara mmoja kutoka upande wa Uganda akanifuata hatua kwa hatua. "Nnyabo, hii embalaasi mnauza?" Nikasema farasi hatuuzi. Makokha akasema ngoja tuone. Nikamkanyaga mguu.

Nilipata nguzo nzuri nyuma ya duka la mbao, imezikwa kwa saruji. Hapo sikufunga kabisa. Nilizungusha kamba kwenye nguzo, ncha nikaishika mkononi. Diwani akirudi nyuma, namwachia kidogo asijione amenaswa, kisha nabana. Akisogea mbele hata kwa kwato moja, namlegezea hapo hapo, namsifu. Ndiyo siri yake: ajue kamba ikikaza dawa si kuvuta, dawa ni kwenda mbele. Alivuta. Alipiga mateke hewani, akatoa sauti puani, watu wakapanda juu ya mbao kama wako mpirani. Mimi navuta, nalegeza, jasho linanitiririka mgongoni.

"Shemeji," Makokha akaniita kutoka alikokaa, mkononi ana chapati iliyokunjiwa mayai, "hapo unafunga farasi ama unavua samaki?"

"Navua. Nikimaliza huyu nakuja kwako."

Mwishowe Diwani akashusha kichwa, akalamba midomo, akasogea mbele mwenyewe. Nikarudia, akasogea tena. Nikafunga fundo la kweli, nikaenda mpaka barabarani kununua chapati yangu. Niliporudi nilimkuta ametulia, na mwendesha baiskeli mmoja ameegemeza baiskeli yake kwenye ubavu wake, anahesabu chenji. Nilitaka kumbusu mtu yule. Nilimfokea tu, ndiyo desturi ya Busia.

Amukura

Amukura mvua ilitukimbiza kwenye boma la Mama Amoit, mjane kama mimi, ambaye hakuuliza sisi ni nani mpaka tulipokwisha kula. Alitupa ugali wa wimbi na muhogo, mzito, na kunde zilizoungwa kwa njugu. Nilikula mpaka nikafungua kifungo. Majirani walikuwa wamezunguka chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu, kila mmoja na mrija wake, na hadithi hazina haraka. Mvua ilipokatika wakahamishia chungu uani. Makokha akapewa mrija. Makokha hakukataa.

Diwani nilimfunga kwenye nguzo ya zizi, fupi kama inavyotakiwa, nikaingia jikoni kusaidia kuosha vyombo. Hilo nalo lilikuwa somo, nisionekane. Kumbe shemeji yangu akamwonea huruma. "Hii kamba ni fupi sana, hata nzi hawezi kufukuza," akasema, akaiongeza urefu.

Nilisikia ukimya kwanza. Mkiona watu wa ajono wamenyamaza ghafla, tokeni mkaangalie. Nilitoka. Chungu kilikuwa katikati, mirija imetupwa huku na huku, na kichwa cha Diwani kiko ndani mpaka machoni. Aliponyanyua, wimbi limemganda puani, na macho yake yana amani niliyokuwa sijaiona tangu msiba.

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee mmoja akaangalia chungu, akaangalia farasi, akasema, "Huyu hakuleta mrija."

Wakaanguka kwa kicheko. Mama Amoit akachota maji ya moto, akaongeza kwenye kile kilichobaki, akasema mgeni ni mgeni. Mimi nilimtembeza Diwani uani mpaka giza likaingia, namsikiliza tumbo, kwa sababu farasi akiugua tumbo si mchezo. Makokha alitembea upande wa pili, ameshika ndoo ya maji.

"Nilidhani namsaidia," akasema mwishowe.

"Najua. Usimsaidie tena."

"Sawa," akasema. Wenzangu, kumbukeni alisema sawa.

Amagoro

Amagoro ndiko kwa bwana harusi. Tulipoingia uani na farasi, ndoo na gunia, vigelele vilianza, vikakatika katikati. Wazee wao wakajifungia chumbani. Nikapewa soda na mandazi, nikapewa soda ya pili, hakuna anayesema kitu. Mwishowe mama wa bwana harusi akatoka, akakaa karibu nami, mikono magotini.

"Mama, tuambie tu ukweli. Sisi tulileta ng'ombe kwenu kama inavyotakiwa. Sasa nyinyi mmerudisha farasi. Farasi anajibiwa na nini?"

Kumbe walikuwa huko ndani wanajadili watapata wapi mnyama wa kulingana na Diwani! Nikamweleza kwamba huyu amekuja tu kumbeba bibi harusi, akimaliza anakwenda zake. Akashika kifua, akacheka, akaita wenzake, na vigelele vikaendelea pale vilipokatikia. Tulimwosha Diwani kwa sabuni ya kufulia, tukamsuka mkia. Nafula alikuja akamkumbatia shingo muda mrefu. Kisha akanishika mkono.

"Mama mdogo, akivunja kamba kesho?"

"Havunji."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, halafu sikupata usingizi.

Malaba

Kanisa lenyewe liko kando ya barabara kuu, na barabara kuu ya Malaba mnaijua: lori nyuma ya lori, yanangoja kuvuka mpaka. Foleni ile husimama mpaka watu huyachukua malori kama majengo. Dereva anaanika shuka kwenye turubai. Mama anapanga jiko lake la chapati kwenye kivuli cha gurudumu. Mtu anafunga mbuzi wake kwenye bampa na kwenda shughuli zake.

Nafula alifika juu ya Diwani. Nikisema watu walilia, sisemi uongo. Makokha ndiye aliyemshusha binti yake, na alipomshusha aliweka mkono kwenye shingo ya farasi, kidogo tu. Nikamfunga Diwani kwenye nguzo ya kengele, chuma kilichozikwa kwa saruji. Nikampapasa pua. Nikamwambia, "Nitarudi." Nikaingia.

Misa ilikuwa ndefu. Kuhusu kwaya ya Malaba sitasema lolote, ila wanapenda kiitikio. Nilikuwa nimetega sikio nje, nangoja kishindo. Hakuna. Mahubiri, hakuna kishindo. Nikaanza kupumua. Hapo Makokha, aliyekuwa ametoka kidogo kujisaidia, akarudi, akakaa kando yangu akitabasamu.

"Shemeji, tulia kabisa. Nimemhamisha."

"Umemhamisha nani?"

"Jua lilikuwa limemfikia. Jasho mpaka kwenye masikio. Nikasema hapana, huyu amembeba mtoto wangu. Nimemweka kivulini."

"Kivuli cha nini, Makokha?"

"Cha lori. Usiniangalie hivyo. Hiyo haijasonga tangu jana. Hata mbuzi wa watu iko hapo."

Sijui kama Mungu ana utani. Ninachojua ni kwamba wakati huo huo injini ilinguruma huko mbele, ikafuata nyingine, na nyingine, kuja upande wetu. Na wakati huo huo padre alikuwa amewasimamisha maharusi, akauliza kama kuna mwenye neno kabla hawajaapishana.

Nikasimama.

Kanisa zima liligeuka. Mama wa bwana harusi akasema "Yesu!" Nikavua viatu vya kisigino, nikakimbia kuelekea mlangoni, na nyuma yangu baba wa bibi harusi naye akakimbia. Sikuwa na nafasi ya kueleza.

Nje, foleni ilikuwa inaondoka. Mama mmoja wa chapati alikuwa amefungua mbuzi wake, amemkumbatia, anapiga kelele, "Farasi yenu! Farasi yenu inaenda!" Nikaona mkia wenye misuko unaelekea mpakani nyuma ya lori la saruji.

Nilikimbia huku nangoja kuona kile nilichokiona Funyula: macho meupe, miguu ya mbele hewani, kamba inakatika, au mbaya zaidi, haikatiki. Kama lori lingeongeza mwendo naye akakataa, angeburutwa. Nilipiga kelele nikiita jina lake, halafu nikaona anavyotembea. Lori likisonga, kamba inakaza, Diwani anasogea mbele, kamba inalegea. Lori likisimama, anasimama, anapumzisha mguu mmoja wa nyuma. Kichwa chini, shingo laini. Vile vile nilivyomfundisha nyuma ya duka la mbao. Nililia nikikimbia, na kwa umri wangu hivyo viwili haviendi pamoja.

Lakini mbele barabara ilikuwa inafunguka kuteremka kwenye daraja, na malori ya mbele yameshaanza kukaza mwendo. Dereva hakutusikia, redio yake iko juu. Mama wa chapati ndiye aliyetupita, mbuzi kwapani, mwiko mkononi, akagonga mlango wa lori mpaka likasimama. Nikarukia kamba. Fundo la Makokha lilikuwa lile la kufungia magunia, limekaza kwa safari, halifunguki hata kwa meno. Lori la nyuma linapiga honi. Askari mmoja akaja taratibu akiniangalia miguu.

"Mama, huyu anavuka kwenda Tororo na karatasi gani?"

Kabla sijajibu, Makokha alifika akihema, akamnyang'anya mama wa chapati kisu cha vitunguu, akakata kamba. Diwani akageuza kichwa, akaniona. Akanigusa bega na pua yake, kama mtu anayesema umechelewa.

Tuliporudi, ukoo wote ulikuwa umejaa kwenye ngazi za kanisa, padre na maharusi nyuma yao. Mzee Wandera, msemaji wa ukoo wetu, akaangalia kipande cha kamba kinachoning'inia.

"Kamba imekatika?"

Sharti lilikuwa sharti, na kamba ilikuwa vipande viwili. Nilishika hatamu kwa mikono yote miwili, nikawaza njia ya Kitale.

"Nimeikata mimi," Makokha akasema. Suti yake ilikuwa imechafuka, tai imeenda mgongoni. "Nilimfungua mahali pazuri nikamfunga kwa gari. Fundo langu likashindwa kufunguka. Farasi alinifichia aibu njia nzima. Kama kuna wa kupelekwa Kitale, nipelekwe mimi."

Nafula ndiye aliyeanza kucheka, na shela lake likatikisika, na ukoo ukamfuata. Mzee Wandera akasema basi, turudi ndani, hawa watoto bado hawajaoana.

Nilimfunga tena kwenye nguzo ya kengele kwa kipande kilichobaki. Makokha alisimama kando yangu.

"Nionyeshe hilo fundo," akasema.

Nilimwonyesha. Vidole vyake ni vya Ouma hasa, sikuwahi kuviangalia vizuri. Alikosea, akarudia, likakubali.

Nyumbani

Mengine mmeyaona wenyewe. Kibanda cha kinyozi kimesimama upya, na mbele yake kuna nguzo nene ya mkaratusi iliyozikwa kwa saruji, na pete ya chuma. Makokha anawaambia wateja ni ya kufungia baiskeli. Mwulizeni ni baiskeli gani hufungwa usawa wa kifua.

Jana asubuhi nilipita hapo na Diwani nikienda sokoni. Makokha akaweka mashine chini, akamwacha mteja na povu shingoni, akanipokea kamba. Akafunga mwenyewe, fupi, fundo la Ouma. Mimi nikampapasa Diwani pua, nikaenda zangu.

"Shemeji!" Makokha akaniita. "Anakuangalia!"

"Mwache aniangalie," nikajibu. "Anajua nitarudi."

Nikaingia sokoni, nikachagua nyanya kwa nafasi yangu, na kwa mara ya kwanza tangu Ouma aende, sikugeuka nyuma.